Nusu ya Mhadhara Niliyoizima

Izia, Sumbawanga
Jumamosi, saa nane mchana

Mwanangu Ansila,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowajua ninyi na ninavyowajua wao, hamtarudi kabla ya jua kupoa. Nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia madaftari, ambayo tangu nistaafu haina kazi nyingine ila kuwekewa sahani za karanga. Mlango nimeufunga. Mambo ya safari sitayagusa. Sweta, chakula cha njiani, mtu wa kukupokea Dodoma, namna ya kukaa na watu usiowajua, yote hayo mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na likisahaulika moja shangazi zako wataliongezea chumvi na kukupa upya. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na miwili.

Kilichonisukuma kuandika ni maneno uliyoniambia Jumapili tulipotoka misani. Ulisema wale vijana waliokuajiri, wanaotengeneza mihadhara ya historia na sera na kuitoa bure kwa yeyote mwenye simu, wamekukabidhi kazi ya kuitia Kiswahili. Ukasema somo la kwanza kabisa utalizungumza wewe mwenyewe, kwa sauti yako, na kwamba umeshawaambia utaanza na mimi. "Nitawasimulia habari za Baba na ukumbi wa kigango," ukasema, ukanishika bega mbele ya watu. Nilijibu "haya," kisha tulipofika nyumbani nikaenda nyuma nikajifanya naangalia kuku. Mama yako akanifuata hukohuko. "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi," akasema, "na mimi nitamwambia vibaya." Huwa hatishii bure, unamjua.

Kwa hiyo nisikilize, Ansila. Habari unazotaka kuwasimulia ni za kweli, ila hazijakamilika, na sehemu iliyokosekana ndiyo inayonihusu zaidi.

Nianze na unayoyakumbuka. Tulikuwa bado kijijini, kule juu, njia ya kwenda Namanyere, nami nikifundisha maarifa ya jamii katika shule ambayo ilikuwa na ramani moja ya Afrika, tena yenye tundu palipokuwa Sudani. Siku moja nilishuka mjini kwa shughuli za shule nikaingia kwenye duka la intaneti, kijana wa pale akanionyesha kwamba maprofesa wa vyuo vikuu vya nchi mbalimbali wanarekodi masomo yao na kuyaacha wazi, mtu anachukua bila kuulizwa jina. Sikuamini. Mimi niliyelia chooni siku majina ya waliochaguliwa kwenda chuo kikuu yalipotoka bila jina langu, leo nakaribishwa darasani na watu wale wale! Nilirudi na masomo manne kwenye flashi, nikayatazama kwenye kompyuta ya shule hadi macho yakauma.

Paroko alikuwa ametuachia projekta ya semina za ndoa. Nikaomba ukumbi wa kigango, ule wa ubavuni mwa kanisa letu dogo, nikapata betri ya gari na sola, na mama yako akatoa shuka lake jeupe la harusi tulitundike ukutani, jambo ambalo hajaacha kunikumbusha. Kila Alhamisi alasiri tuliziba madirisha kwa magunia, watu wakakaa kwenye mabenchi, profesa akaongea Kiingereza chake, mimi nikasimamisha kila baada ya muda na kutafsiri. Siku ya kwanza walikuja watu tisa. Baada ya mwezi watu walisimama nje.

Unakumbuka ile siku ya mhadhara wa ufuaji wa chuma? Profesa alikuwa anaeleza matanuru ya zamani, na mzee mmoja wa nyuma akasimama na kofia yake mkononi. "Mwalimu, mwambie huyo bwana amekosea. Tanuru halifunguliwi upande huo. Babu yangu angemfukuza." Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka, ila nilipofika nyumbani niliandika aliyoyasema yule mzee kwenye daftari, na ninalo mpaka leo. Nakuambia hilo ili ujue kwamba wanaokusikiliza hawaji mikono mitupu. Wengi wao wanakuja na kitu ambacho mzungumzaji hana, na mfasiri ndiye mtu pekee anayewasikia wote wawili.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika, Ansila, mahali hapo pa kuwasikia wote wawili. Niligundua kwamba nikisema "mimi nadhani," watu wanajikuna. Nikisema "Profesa anasema," wananyamaza na kuitikia kwa kichwa. Basi nikaanza kumwongezea profesa maneno. Vitu vidogo tu, tena vya faida, nilijiambia. Mhadhara mmoja ulihusu falme za kale za jangwani, mimi nikamtia mdomoni habari ya kuchimba vyoo. Mwingine ulikuwa wa mapato na matumizi ya serikali, mimi nikamfanya alaani pombe ya Jumapili. Siku ile mama yako alinitazama kwa jicho ambalo hata wewe uliliona. Ulikuwa darasa la tano, Kiingereza chako cha kuokoteza, lakini uliniuliza njiani: "Baba, kwani kwao nako wanapika pombe ya ulezi?" Nilikucheka nikakupapasa kichwa. Ningetakiwa kuona aibu siku ile, maana ilikuwa bado ndogo na inabebeka.

Sasa nikueleze ya Mzee Masanja.

Unamkumbuka kama baba yake Kabula, na Kabula unamkumbuka kuliko mtu yeyote wa utoto wako. Familia yao ilikuja kutoka Usukumani na ng'ombe wao miaka michache kabla hujazaliwa. Hawakuvamia. Walifika kwa mwenyekiti, wakasikilizwa kwenye mkutano wa kijiji, wakapewa bonde la ng'ambo ya kijito, na mimi mwenyewe ndiye niliyeandika muhtasari wa mkutano ule kwa mkono wangu. Masanja alikuwa mtu mrefu, mpole, hajui kusoma, na katika wasikilizaji wangu wote hakuna aliyemzidi yeye kwa hamu ya kusikiliza. Alikaa benchi la mbele kila Alhamisi, fimbo katikati ya magoti. Wewe na Kabula mlikaa miguuni pake mkinong'onezana.

Shamba letu lilipakana na bonde lile. Unajua tunavyolima sisi Wafipa, ingawa sasa umekuwa mtu wa mjini: majani marefu tunayakusanya, tunayafukia chini ya udongo, tunatengeneza yale matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba, na yanaoza humo mpaka msimu unaofuata tunapoyatawanya na kupanda ulezi au mahindi. Shamba lililopumzishwa, kwa mgeni ni pori la majani. Kwetu ni mbolea iliyosimama. Mwaka ule nilikuwa nimepumzisha kipande changu cha bondeni miaka mitatu, majani yamenifika kifuani, nimepanga kuyafukia mvua zikianza kupungua. Asubuhi moja nikakuta ng'ombe wa Masanja wameyala, yote, wamebakiza mashina.

Alikuja mwenyewe jioni ile na kibuyu cha maziwa. Alisimama mlangoni, mtu mzima kuliko mimi, akaniomba radhi. Alisema kwao jani ni jani, hakujua kwamba yale yalikuwa yamewekwa, na kwamba tukae tuwekeane alama. Alisema pia samadi ya zizini kwake imejaa, nipeleke mkokoteni nichukue yote. Nilimwambia maziwa tunayo. Hatukuwa nayo, Ansila. Nilimfungia mlango, na hasira ile nikailea wiki nzima, naipa chakula.

Wakati huohuo kijiji kilikuwa kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Mkutano mkuu ulipangwa Jumamosi. Siku chache kabla, nilikuwa nimepata mhadhara mpya: profesa mmoja mwenye tai iliyopinda, anaeleza historia ya wakulima na wafugaji katika nyanda za juu. Niliutazama peke yangu Jumanne, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Nataka ulishike hilo, kwamba niliutazama hadi mwisho.

Profesa yule alikuwa na mtindo ambao utakutana nao sana katika kazi yako. Nusu ya kwanza alisimama upande wa watu anaowapinga. Alieleza hoja za maofisa wa zamani kwa nguvu zote, kana kwamba ni zake: ng'ombe wanamaliza majani, udongo unachukuliwa na maji, mfugaji hana mizizi, asogezwe. Alionyesha na picha za makorongo. Halafu katikati akanywa maji, akasema, sasa niwaonyeshe kwa nini hoja hii iliyowatawala watu miaka mingi ina kasoro. Na nusu ya pili yote aliibomoa. Alisema mahali wakulima na wafugaji walipokaa wakapanga njia za mifugo na misimu ya kuingia mashambani, majani yalitosha na samadi ikarudi shambani. Alisema makorongo mengi katika picha zile yalitokana na watu kubanwa sehemu moja kwa amri. Yaani alisema karibu yale yale aliyoyasema Masanja mlangoni kwangu na kibuyu mkononi.

Alhamisi ile ukumbi ulijaa kuliko siku zote, kwa sababu kila mtu alijua Jumamosi kuna mkutano. Nilitafsiri nusu ya kwanza kama sijawahi kutafsiri. Sikuongeza hata neno, sikuhitaji. "Profesa anasema mfugaji hana mizizi." Niliona watu wanageuka kumtazama Masanja, na Masanja anatazama shuka. Profesa akainua glasi ya maji. Nikazima.

"Betri imekwisha," nikasema.

Masanja ndiye aliyeinua mkono. Hakuwa anajua herufi, lakini kwa kutazama Alhamisi nyingi alikuwa amejua ule mstari wa chini ya picha, unaotembea mhadhara ukienda.

"Mwalimu," akasema, "ule mstari ulikuwa haujafika hata katikati vizuri. Huyo bwana bado alikuwa anaongea."

"Ni kweli, Mzee. Yaliyobaki ni marudio tu."

"Basi tusubiri betri. Sisi hatuna haraka."

"Wiki ijayo, Mzee," nikamjibu, nikaanza kukunja shuka.

Njiani uliniuliza kwa nini betri imekwisha wakati ilikuwa juani tangu asubuhi. Nilikukaripia. Nilikuambia mtoto hafuatilii mambo ya wakubwa. Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka ulivyoacha kunishika mkono ukatangulia mbele na mama yako.

Jumamosi sikusema neno mkutanoni. Sikuwa na haja. Kila aliyesimama alisema "hata Profesa amesema," na waliokuwa wanasita wakaacha kusita. Masanja alipopewa nafasi alisema mambo mawili tu: kwamba alipokelewa kwa muhtasari ulioandikwa, na kwamba Profesa hakumaliza. Watu walicheka. Walimcheka mzee yule kwamba anabishana na mtu wa kwenye shuka. Mimi nilikuwa nimekaa meza kuu, kalamu mkononi, mwandishi wa muhtasari, na niliandika: "Ndugu Masanja alitoa maoni yake." Kijiji kiliamua wahame baada ya mavuno.

Ulijua kulikuwa na mkutano, na ulijua kijiji kiliamua. Hukujua mkutano ule ulipikwa Alhamisi na aliyeupika ni nani. Ulinililia wiki nzima, nami nikakuambia wafugaji ndivyo walivyo, wanafuata majani, hawakai. Nilikutia maneno yale yale ya nusu ya kwanza, wewe mtoto wangu wa kumzaa.

Lakini hilo si lililonizuia kulala vizuri miaka yote hii. Lipo lingine, na kalamu inakuwa nzito.

Umeniambia mara ngapi kwamba Kabula aliondoka bila kukuaga? Ulilisema kijijini, ukalisema tulipohamia hapa Izia, na mwaka juzi ulipofiwa na rafiki yako wa chuo ulilisema tena, kwamba umeshazoea watu kuondoka bila neno. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili nikakaa kimya.

Kabula alikuja, Ansila.

Alikuja asubuhi ile ile waliyohama, mapema, miguu imelowa umande. Wewe ulikuwa uani unapepeta ulezi, nilisikia ungo wako. Alinipigia magoti akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kumuaga Ansila." Na mimi nikamwambia umekwenda mashineni kusaga.

Umeniuliza kwa nini, najua umeniuliza hapo uliposoma. Nilijiambia naepusha kilio. Huo ni uongo nao, na barua hii haitakuwa na uongo. Nilimwogopa mtoto wa miaka kumi na moja. Niliogopa angekuambia baba yake alisema nini njiani ile Alhamisi ya betri, na wewe ungenitazama. Basi. Alisema, "Haya, mwambie nimekuja," akageuka. Sikukuambia. Nilisimama pale mpaka ungo wako ukanyamaza, kisha nikaingia uani nikakusifu umepeta vizuri.

Alhamisi iliyofuata watu walikuja kigangoni. Wengine waliuliza ile sehemu iliyobaki. Nilisema projekta imeharibika. Imekaa imeharibika hivyo hivyo mpaka tulipohama, lakini ilikuwa nzima siku zote; wewe ulinikuta naijaribu hapa sebuleni ukafurahi ukasema Baba ameitengeneza. Watu wa kijiji kile, kila nikikutana nao mjini, wananiambia wanazikumbuka sana Alhamisi zile, wanasema niliwafungua macho. Nawashukuru na kuondoka haraka.

Nimejifunza nini? Niliogopa swali hilo kuliko yote, maana mwalimu mstaafu akipewa nafasi ya kusema amejifunza nini, hakomi. Nitasema kidogo. Sikudanganya kwa neno hata moja siku ile ukumbini, mpaka nilipotaja betri. Kila nilichotafsiri kilikuwa sahihi. Ungeweza kunipa mtihani ningepata zote. Kwa hiyo usahihi peke yake usikutulize. Utakapokuwa umekaa na vifaa vyako vya kusikilizia masikioni, na muda umebana, na wenzako wanasema tupunguze hapa tuweke kipande kifupi kwa sababu watu hawana subira, wewe uliza kipande hicho kinamwacha nani amesimama peke yake. Wakati mwingine hakitamwacha mtu, na mtapunguza, si kosa. Wakati mwingine yupo mtu. Utamjua kwa sababu ndiye anayeuliza sehemu iliyobaki, na wengine wanamcheka.

Na sehemu inayokukera, itafsiri vizuri zaidi ya ile inayokupendeza. Mimi nusu ile iliyonipendeza niliitafsiri kama malaika.

Jambo hili la bure nalo lilinilevya. Niliona kwa kuwa sikumtoza mtu kitu, basi nina haki ya kuchagua wale nini na wasile nini. Nilijiona mfadhili. Lakini watu wale waliacha kazi zao mashambani, wakatembea, wakakaa gizani na kuniamini. Waliniletea cha kwao, na nilikipokea bila hata kujua kwamba nimepokea.

Mwezi wa sita nilikuaga nikisema nakwenda Kipili kuona mashamba ya rafiki. Sikwenda Kipili. Nilikwenda Wampembe, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, ambako nilisikia Masanja alishukia. Gari la mizigo lilituteremsha ule mteremko taratibu, na joto la ziwani likanipiga usoni na koti langu la Sumbawanga mwilini. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba ya udongo, amezeeka, macho yamefifia. Nilimsalimia, "Shikamoo, Mzee Masanja." Aligeuza sikio upande wangu akasema, "Marahaba. Hiyo sauti ya Alhamisi."

Nilikuwa na ule mhadhara kwenye simu. Nilimwambia nimeleta sehemu iliyobaki. Akasema haoni, nimsimulie tu. Basi nilikaa chini karibu yake nikauwasha, nikatafsiri kuanzia pale kwenye glasi ya maji, nikisimamisha, nikitafsiri, mpaka mstari ukafika mwisho. Ni mara ya kwanza nimewahi kuutafsiri wote. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikamwambia mengine yote, ya betri, ya majani yangu, ya maziwa ambayo hatukuwa nayo.

Alipangusa macho, sijui ni kwa machozi au ni ule ugonjwa wake. "Kwa hiyo yule bwana alikuwa upande wetu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Sasa hilo nikalifanyie nini mimi, Mwalimu?"

Ng'ombe alibakiwa nao wanne. Kule chini hawakufanya vizuri, wengi walikufa mwaka wa kwanza, na watoto wake wa kiume wamekuwa wavuvi, wao ambao hata kuogelea hawakuwa wanajua. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme, maana nilijua angelisema kwa adabu tu. Aliagiza niletewe chakula. Nilikula kwa mzee yule, Ansila.

Aliyeleta chakula alikuwa Kabula. Ameolewa palepale, anauza vitenge sokoni, ana mtoto wa kike anayemburuta kwa upindo wa khanga. Alinipigia magoti kama zamani. Aliuliza hali ya mama yako. Kisha akaniuliza swali, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza jambo lililomsumbua kidogo kwa muda mrefu.

"Mwalimu, siku ile Ansila alirudi kutoka mashineni kwa njia gani? Mimi nilikwenda kumsubiri pale mashineni. Nilikaa mpaka ng'ombe wetu wote wakapita, na Baba akanirudia kunichukua. Nilidhani labda alisikia nipo, akapita njia ya nyuma."

Umeelewa, mwanangu? Miaka kumi na miwili wewe unaamini alikuacha bila kukuaga, na yeye anaamini ulimkwepa. Kila mmoja amebeba jeraha ambalo mwenzake hakumpa. Niliwapa mimi kwa sentensi moja, mlangoni, kabla ya chai.

Nilimwambia ukweli pale pale, baba yake akisikia. Hakulia. Alimwinua mtoto wake mgongoni akafunga khanga, akaniambia, "Basi mwambie na yeye." Akanitajia namba yake ya simu, nikaiandika. Ipo nyuma ya karatasi hii. Hilo lilikuwa mwezi wa sita, na leo ni Oktoba. Miezi yote hii nimekuwa nikisubiri siku nzuri, na ulivyoniambia Jumapili kwamba utaanza na mimi, nikaona siku nzuri haitakuja.

Kuhusu lile somo lako la kwanza, amua mwenyewe. Unaweza kuniacha nje, nitaelewa. Unaweza kunitaja, na ukinitaja naomba unitaje wote, kwa jina langu, hata kama wanaotuheshimu hapa mjini watasikia. Kitu kimoja tu nakukataza, na ni mara ya mwisho nakukataza kitu chini ya paa hili: usinitetee.

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, ukaikute Dodoma. Nilikwisha hata kulifungua begi. Kisha nikaona ninachofanya: ningekuacha uisome mbali, uumie mbele ya watu usiowajua, na mimi nimebaki hapa salama nakula karanga. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, mkirudi tu, kabla hujavua viatu. Basi lako ni kesho alfajiri. Saa zote zilizobaki ni zako, za kunifokea, au kunyamaza, au kupiga simu Wampembe. Nitakaa palepale utakaponiona.

Nawasikia getini. Shangazi yako mdogo amekuja nanyi, anacheka kwa sauti, na wewe unacheka naye. Nakaa kidogo nikisikiliza, halafu nafungua mlango.

Baba yako